Bugobogobo Shambani kwa Adventina

Wahaya wanasemwa kuwa na maringo, na Adventina hakuwahi kulikanusha hilo. Alisema anayeringa ana cha kuringia. Asiye na kitu ataringia nini? Na yeye kitu alikuwa nacho. Alikuwa na kipande cha shamba nyuma ya zizi la ng'ombe pale Kisesa, kipande ambacho ungekizunguka chote kabla hujamaliza kumenya muwa mmoja. Kilimpa mboga mwaka mzima, na hakikuwahi kumtoa jasho.

Sasa ugomvi wote ulianzia hapo hapo, kwenye hilo jasho. Kisesa ni kwa Wasukuma, na Msukuma humpima mtu kwa jembe lake. Mwanamke akiolewa, watu hawaulizi sana kama ni mzuri wa sura. Wanauliza, je, analima? Na Adventina, mke wa Ngosha, mkamwana wa Bibi Dorcas, alikuwa halimi. Jembe lake lilitupwa kwenye kona ya jikoni, kuku wakalilalia, na yeye wala hakujali.

Hakuwa amezaliwa pale, wala hakuwa amepanga kuishi pale. Ngosha alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha nguo mjini Mwanza, na walikuwa wamepanga vyumba viwili Igogo, wana redio, wana kabati la vioo. Mwaka tisini na nne soko huria likabisha hodi kiwandani. Yakabandikwa ukutani majina ya wanaopunguzwa kazi, majina mia mbili na kitu, la Ngosha likiwa la kumi na saba. Wakapakia kabati lao na watoto wawili kwenye gari la mizigo wakaenda kwa mama yake Ngosha. Ngosha akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale senta, na mkewe akaonyeshwa shamba.

Tusidanganyane: walimpa kile kipande kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kilikuwa kimelimwa pamba mfululizo tangu marehemu baba yake Ngosha akiwa kijana, na pamba ikanyonya mpaka kikabaki kuitwa Kipara. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza juu yake yakaenda zake. Adventina alikiangalia, akainama, akagonga ardhi kwa kidole, ikalia ko! Akasema moyoni, maskini, wamekuacha uchi.

Kwao Kanyigo, huko Bukoba, kibanja cha migomba hakiachwi uchi hata siku moja. Nyasi zinaletwa, zinatandazwa, ndiyo kazi yenyewe. Basi akafanya alivyowaona mama yake na bibi yake wakifanya. Akakata nyasi, akabeba mabua ya mahindi ambayo wenzake waliyachoma moto, akaenda kwenye mashine ya kukoboa kuomba pumba za mpunga, akazoa samadi zizini, vyote akavitandaza juu ya Kipara mpaka udongo usionekane. Kisha akaacha. Alipotaka kupanda, alisogeza nyasi kidogo, akatoboa kwa kijiti, akadondosha mbegu na kufunika. Gugu likichungulia, aling'oa na kulilaza pale pale lilipoota. Mchicha mwingine aliuacha ukomae ujimwagie mbegu wenyewe. Hayo ndiyo yote.

Msimu wa kwanza watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Mchwa walikula nyasi, mbegu nyingi hazikuota, na Kipara kilibaki kipara kilichovaa kofia. Alivuna maboga saba tu. Lakini aliongeza nyasi, mchwa wakala, akaongeza tena. Mwaka wa pili, jamani! Mnafu, mgagani, kunde, bamia, bilinganya, nyanya ndogo ndogo zikitambaa zinakotaka. Mwezi wa Septemba, mashamba ya watu yakiwa vumbi tupu, Adventina alipitisha mkono chini ya majani akatoka na kikapu. Alikuwa na kawaida ya kusimama pale asubuhi, mikono kiunoni, akitazama tu. Alijisikia fahari mpaka kifua kinamjaa.

Wengine hawakuona alichokiona yeye. Waliona fujo. Wanawake wakienda kisimani walipunguza mwendo.

"Wifi, hili ni shamba au pori?" alimuuliza mmoja.

"Pori gani linazaa nyanya?" alijibu Adventina.

"Mchagua jembe si mkulima, wifi."

"Ndiyo maana mimi sikuchagua. Nimeliacha pale pale jikoni."

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mwiba. Na hakuna aliyempa sifa kwa zile mboga. Walisema ardhi imepumzika, imepona yenyewe, bahati yake. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yake Chenge, mdogo wake Ngosha. Chenge alikuwa na homa ya pamba. Siku hizo chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi peke yake. Kila msimu makampuni mapya yalikuja na malori yao na mizani yao, na kila mwenye shoka alifyeka kichaka apande pamba. Chenge akakitolea macho Kipara.

"Mama, ardhi imepata nguvu," alimwambia Bibi Dorcas, "na mtu ameilalia tu kama kuku anayeatamia. Nipe mimi niilime."

Neno la Bibi Dorcas ndilo lililokuwa neno la mji ule tangu mumewe afariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mgongo umepinda kama mpini mbichi, na jembe lake lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko. Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Alimpenda Adventina kwa namna yake. Wajukuu wake walinenepa na aliliona hilo. Lakini kila alipopita nyuma ya zizi aligeuza uso, kama mtu aliyemkuta mkwe wake anaoga.

Jumatatu moja jioni, mwezi wa Oktoba mwaka tisini na sita, mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa, aliwaita wote uani.

"Mkamwana," alisema, "mimi nimenyamaza miaka miwili. Watu wanasema Dorcas ameozesha mwanawe, na mkwewe ameshindwa kulima hata pa kutemea mate. Katika mji huu shamba lisilolimwa halina mwenyewe. Mume wangu alisema hivyo, na baba yake kabla yake. Jumamosi nitakuja kuangalia. Nikikuta limelimwa, ni lako, na hakuna atakayekugusa. Nikikuta halijalimwa, Chenge alichukue kabla mvua haijaanguka. Nimemaliza."

Adventina alipiga magoti, kama heshima inavyotaka. "Nimesikia, mayu," alisema. Mayu ndivyo wanavyomwita mama huko, na alilitamka vizuri kabisa.

Ngosha alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani wana shida zao. Alimfuata mkewe jikoni akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mke wangu, lima hata ule ukingo wa mbele tu. Mistari mitatu. Mama aone, yaishe."

"Na nyuma?"

"Nani ataangalia nyuma?"

"Mimi," alisema Adventina. "Nikilima mistari mitatu nimekiri kwamba miaka miwili nilikuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Sitalima."

Alisema kwa ujasiri, lakini tusimfanye chuma. Aliogopa. Kile kipande ndicho kitu pekee katika Kisesa yote ambacho kilikuwa chake. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, ng'ombe walikuwa wa ukoo, hata sufuria kubwa ilikuwa ya kuazima. Kikienda kile, angerudi kuwa mkamwana wa kuomba chumvi. Usiku wa Ijumaa alilia kidogo, kisha akafuta macho akapanga maneno yake. Kesho mama mkwe akija atampokea vizuri, atamketisha, atamfunulia nyasi, atamweleza pole pole.

Mpango ulikuwa mzuri. Haukupata nafasi.

Jumamosi jua halijapasua, alisikia ngoma. Akadhani harusi. Ngoma ikazidi kusogea, ikapita kwa jirani, ikazunguka zizi, na alipotoka mlangoni na kanga moja kifuani akakuta watu kama thelathini, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe begani. Walikuwa kundi la bugobogobo, wale vijana wanaolima kwa ngoma, wanaorusha jembe hewani likazunguka na kulidaka bila kupoteza mdundo. Ukiwaita asubuhi, jioni wamemaliza shamba la wiki nzima. Mbele yao alikuwa kiongozi wao Nathaniel, pande la mtu, ambaye tangu Kisesa hadi Magu hakukuwa na wa kushindana naye kwa jembe. Na pembeni yao, amebeba mtungi wa togwa kichwani, uso unang'aa kwa furaha, alikuwa Bibi Dorcas.

"Mwangaluka!" waliamkia kwa pamoja.

"Mwangaluka," alijibu Adventina, na sauti yake ilitoka nyembamba.

Bibi Dorcas alimvuta pembeni. "Usione aibu, mwanangu," alimnong'oneza. "Nilikaa nikafikiri. Nikimpa Chenge shamba, wajukuu zangu watakula nini? Nikikuachia, watu watanicheka. Basi nimekuletea mikono. Nimewaambia mgongo unakuuma. Watalima, nitakuta limelimwa, na mdomo wa Chenge utafungwa."

Ebo! Angekuwa amekuja na matusi, Adventina angejua la kufanya. Amekuja na upendo. Mama mkwe amekwenda mlango hadi mlango kwa miguu yake iliyochoka, ameomba watu, amekesha akipika togwa, kwa ajili yake. Mkamwana gani anaweza kumfukuza mtu wa namna hiyo mbele ya watu thelathini? Na majembe thelathini yakiingia pale, kufikia saa tatu nyasi za miaka miwili zimegeuzwa, mizizi iko juu, udongo unakauka juani, na Kipara kimerudi kuwa kipara. Shamba litabaki lake, lakini halitakuwa shamba tena.

"Mayu," alisema, "subiri kwanza, nakuomba, nikuonyeshe..."

"Utanionyesha likishalimwa." Bibi Dorcas alikuwa ameshainua mkono. Ngoma ikabadilika.

Desturi yao, kiongozi ndiye hupiga jembe la kwanza. Nathaniel akaingia shambani akichezesha mabega, akavuka maboga, akasimama katikati. Chenge alikuwa amesimama kwenye lango la zizi na Ngosha karibu naye, kofia mkononi kama kawaida. Nathaniel akarusha jembe. Likapanda, likazunguka mara mbili, akalidaka, akalishusha kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu anayeijua ardhi ya Oktoba, ambayo ukiipiga inakurudishia jembe mpaka meno yanauma.

Jembe likazama lote, mpaka shingoni. Na Nathaniel mwenyewe, kwa kuwa alitegemea ugumu na ugumu haukuwepo, akalifuata, akapiga magoti kwenye mabilinganya.

Watu walicheka mpaka wengine wakaangusha majembe. Nathaniel hakucheka. Alichomoa jembe, akaangalia kilichoning'inia juu yake: udongo mweusi, unyevunyevu, unaomomonyoka kama ugali wa jana uliochanganywa na mafuta. Akasogea hatua tano, akapiga tena, pole pole safari hii. Likazama. Akaenda pembeni kabisa kule mwisho. Likazama. Akainua mkono na ngoma ikanyamaza.

"Bibi Dorcas," aliita, na hakuwa anatania. "Sisi tumekukosea nini?"

"Kunikosea?"

"Umetuamsha alfajiri tuje kulima shamba lililolimwa. Unajua sheria yetu. Jembe juu ya jembe la mwenzako ni tusi. Hili limelimwa, tena limelimwa kina ambacho mimi Nathaniel sijawahi kukifikia mwezi wa kumi. Nimelima Kisesa hii yote, sijaona." Akamgeukia Adventina, akamtazama mikono, akavua kofia yake. "Dada, ulilima lini? Peke yako? Na mgongo mbovu? Basi hapa nasimama mbele ya mkulima kuliko mimi!"

Vigelegele! Wanawake wa kundi wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe zizini wakashtuka. Mpiga ngoma akapiga ule mdundo wa kumsifu bingwa. Bibi Dorcas alisimama mdomo wazi, kisha uso wake wote ukafunguka, akainua mikono juu akaanza kucheza. "Mkamwana wangu!" alikuwa anasema. "Mmesikia? Huyu ni mkamwana wangu!" Ngosha alivaa kofia yake, akanyoosha mgongo. Chenge alitazama ardhi.

Na Adventina angenyamaza tu. Hilo ndilo lililobaki, kunyamaza. Shamba lingekuwa lake mbele ya mashahidi thelathini, jina lake lingeimbwa, mdomo wa kisima kizima ungefungwa kwa siku moja. Alisimama katikati ya vile vigelegele, akavisikia vizuri sana, na vikamchoma. Walikuwa wanasifu jembe, na lile jembe lilikuwa kwenye kitanda cha kuku. Miaka miwili amevumilia kuitwa mvivu kwa kazi yake mwenyewe. Leo apokee taji kwa kazi ambayo hakuifanya? Hapana. Maringo yake hayakuwa ya bei hiyo.

"Sikulima," alisema.

Hawakusikia. Akasema kwa nguvu, "Sikulima! Sijashika jembe tangu nije Kisesa!"

Ngoma ikakatika katikati. Ngosha akafumba macho.

"Si nilisema?" Chenge alipata sauti yake mara moja. "Amekiri kwa mdomo wake mwenyewe. Mama, ulisema shamba lisilolimwa halina mwenyewe. Limekwisha."

Bibi Dorcas alishusha mikono yake, moja, kisha nyingine. Uchungu ulikuwa wazi usoni mwake. "Kwa nini usingenyamaza, mwanangu?" aliuliza taratibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkulima hata akiwa na uchungu, akauliza, "Kama si wewe, ni nani aliyelima?"

"Njoo, mayu, nikuonyeshe."

Adventina alipiga magoti, na safari hii haikuwa kwa heshima. Akafunua nyasi kwa mikono miwili. Chini yake kulikuwa na ukungu mweupe umeshika mabua, chini ya ukungu udongo mweusi, na ndani ya udongo walikuwepo wao: minyoo wa kila ukubwa, wananing'inia, wanajikunja, wanarudi mashimoni kwa haraka kama watu waliofunguliwa mlango bila hodi. Kulikuwa na jongoo, kulikuwa na mende wa samadi, kulikuwa na njia za mchwa zinazoshuka chini kusikoonekana.

"Hawa ndio wanaolima," alisema Adventina. "Usiku na mchana, masika na kiangazi. Mimi nawaletea chakula na nawafunika jua lisiwaue. Wanachotaka ni kuachwa. Hii ndiyo kazi yangu, mayu, na ninaijua, na simwombi mtu msamaha kwa kuijua."

Bibi Dorcas alishuka chini kwa taabu, mkono mmoja kiunoni. Akaingiza mkono wake, ule mkono wenye sugu kama kwato, ukazama karibu mpaka kwenye kiwiko, na hakusukuma. Aliuacha humo.

"Ni baridi," alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Hata Oktoba."

"Hata Oktoba."

Alitoa mkono. Mnyoo mmoja alikuwa amebaki kwenye kiganja chake, akamtazama. "Nimelima miaka arobaini na tatu," alisema, na hakuwa anaongea na mtu yeyote hasa. "Chenge nilimzaa mtaroni, jembe liko hapa na mtoto yuko hapa, na kesho yake nikarudi kumaliza mstari. Na kila mwaka nikilima niliwaona hawa. Niliwaona, jamani. Niliwakata vipande vipande nikaendelea mbele." Akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. "Walikuja kunisaidia, na mimi nikawakata."

Adventina alimshika bega.

Bibi Dorcas alimrudisha mnyoo mahali pake, akamfunika kwa nyasi, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Akasimama.

"Chenge."

"Naam, mama."

"Nilisema shamba lisilolimwa. Nathaniel, na hakuna anayejua jembe kuliko yeye, amesema hili limelimwa. Mimi sikuuliza na nani. Ni la mkamwana wangu, na likiisha hili ataongezwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na wewe Nathaniel, usiwarudishe watu wako nyumbani. Togwa lipo na siku bado changa. Shamba langu la kule chini ni gumu kama mawe ya Igogo, na mgongo wangu huu wa kwangu kweli unauma. Mkamwana atatuambia tuanze na nini."

"Nyasi," alisema Adventina. "Nyasi nyingi. Majembe yaacheni hapa."

Nathaniel aliwatazama vijana wake, nao wakamtazama. Halafu akaliegemeza jembe lake kwenye uzio, jembe ambalo hakuwahi kuliacha mahali popote, na wengine mmoja mmoja wakafanya hivyo hivyo, mpaka uzio ukalemewa. Mpiga ngoma aliuliza atapiga mdundo gani, kwa kuwa wa kukata nyasi haupo. "Piga wowote," Nathaniel alimwambia, akasogea pembeni kuacha nafasi ya mbele, ile ya kiongozi.

Adventina alijifunga kanga yake vizuri, akaishika nafasi hiyo. Wakashuka bondeni, yeye mbele, mikono mitupu, kichwa juu, mama mkwe nyuma yake, na ngoma ikilia nyuma yao wote.